Mdandiaji wa Treni Mbele ya Kisanduku cha Ndiyo

Fedheha kali kuliko zote za kiofisi humpata mtu akiwa peke yake mbele ya kompyuta, pasipo shahidi wa kumcheka, pale fomu ya viza inapomtaka aeleze kwa maandishi kosa ambalo hata mama yake mzazi hajalisikia. Fomu inayokusudiwa hapa ni ya viza ya likizo na kazi ya Australia, yaani kibali kinachomruhusu kijana wa nchi nyingine kutembea kwa mwaka mmoja huku akifanya vibarua vya kugharimia matembezi yake. Mpango huo ulianza mwaka 1975, na tangu Julai 2023 raia wa Uingereza asiyezidi umri wa miaka 35 anaruhusiwa kuomba. Miongoni mwa raia hao wamo waliozaliwa Mombasa na Unguja na kukulia London au Leicester, na hao ndio ambao, wafikapo kwenye maswali ya tabia, humtaja Mola kwa Kiswahili.

Swali lenyewe humtaka mwombaji aseme kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote katika nchi yoyote, na kipande kinachofuata ndicho kinachokata maini, kwa kuwa kinajumuisha hata hatia ambayo imekwisha kuondolewa katika kumbukumbu rasmi. Kwa maneno mengine, mahakama ikisahau na polisi wakisahau, mwombaji peke yake ndiye anayetarajiwa kuwa mhifadhi wa nyaraka zilizochanwa. Akishaweka alama yake kwenye Ndiyo, huendelea kushuka na kuulizwa, kwa herufi zilezile na visanduku vya ukubwa uleule, juu ya uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari, usafirishaji haramu wa watu na matangazo ya Interpol, akijibu Hapana kwa kila moja. Lakini badala ya kumsafisha, kila Hapana huifanya ile Ndiyo ya juu izidi kung'aa.

Namna ambavyo kijana mwenye akili timamu anaweza kuwa mhalifu kabla ya kunywa chai ya asubuhi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ni ufundi wa hali ya juu. Uingereza kuna kadi ya punguzo la reli kwa vijana wa miaka 16 hadi 25, ambayo hupunguza thuluthi moja ya nauli. Lakini kadi hiyo ina kanuni kwamba kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, nauli yenye punguzo haiwezi kushuka chini ya pauni 12, isipokuwa mwezi wa Julai na Agosti, ambapo kanuni hulala usingizi. Matokeo yake ni kwamba tiketi ya pauni 10, ambayo saa nne na dakika moja kadi huishusha hadi pauni 6 na ushei, dakika mbili nyuma yake hulipiwa pauni 10 kamili, na aliyepanda na ile ya bei ndogo huhesabiwa na mkaguzi kuwa amesafiri bila tiketi halali. Anayeshindwa kulikumbuka jambo hilo, akiwa na usingizi machoni na mkate mkononi, anaweza kujikuta akishtakiwa kwa Sheria ya Reli ya mwaka 1889, iliyotungwa zama za Malkia Victoria, miaka saba kabla ya Reli ya Uganda kuanza kutandikwa kutoka Mombasa.

Sheria hiyo ya kale iliunganishwa na utaratibu wa kisasa ulioanza mwaka 2015, ambao humruhusu hakimu mmoja, akisaidiwa na mshauri wa sheria, kuamua kesi ndogondogo kwa kusoma karatasi tu, bila mshtakiwa kuwapo wala mlango wa mahakama kufunguliwa. Notisi hutumwa kwa posta, na kwa kuwa vijana huhama vyumba vya kupanga mara kwa mara, wapo waliotiwa hatiani wakati barua ikimsubiri mpangaji wa zamani juu ya zulia la mlangoni. Agosti 2024 hakimu mkuu wa mahakama za chini za Uingereza na Wales aliamua kwamba makosa ya sheria ile ya 1889 hayakupaswa kamwe kupitishwa katika njia hiyo ya karatasi, na hivyo hatia zaidi ya 70,000 zikatangazwa kuwa batili tangu mwanzo.

Mtu angedhani kwamba hapo mdandiaji ameokoka, kumbe ndipo fomu inapogeuka kuwa mas'ala ya kukeshewa na mafakihi. Hatia iliyoondolewa katika kumbukumbu ni kama ndoa iliyovunjwa kwa talaka, kwa maana kwamba ilikuwapo, ikaisha, na aliyeulizwa hana budi kukiri kuwa aliwahi kuoa. Lakini hatia batili ni kama nikaha iliyofungwa bila masharti yake, ambayo kisheria haikupata kuwapo, ingawa biryani ya harusi ililiwa na faini ililipwa. Fomu haina kisanduku cha tatu. Ina Ndiyo na Hapana, na baina yake mwombaji hukaa usiku kucha akihofia kwamba Hapana yake ni uongo na Ndiyo yake ni kujizushia.

Anayechagua Ndiyo, na wengi huchagua hivyo kwa woga, hufunguliwa nafasi ya maelezo, ambamo hutakiwa kutaja tarehe, aina ya kosa na adhabu. Rasimu ya kwanza huwa ndefu na ya toba, ikifanana na kunuti ya Ramadhani, nayo hutaja ugumu wa maisha, baridi ya siku ile na kuchelewa kwa treni. Rasimu ya pili huandikwa kwa hasira, ikieleza kuwa treni yenyewe ilikuwa imejaa na hapakuwa na kiti. Rasimu ya tatu, baada ya ushauri wa binamu ambaye amewahi kuanza masomo ya sheria, hujaa maneno kama «kwa mujibu wa» na «bila kuathiri», ikamfanya msomaji ashuku kwamba kuna maiti iliyofichwa mahali. Inayotumwa hatimaye ni sentensi mbili kavu, kwamba mwombaji alisafiri bila nauli stahiki na akatozwa faini, na ukavu wake ndio unaoumiza, kwa sababu mtu hugundua kwamba aibu aliyoibeba moyoni muda wote huo inaenea katika mistari miwili.

Kinachochekesha, kwa kicheko cha pembeni, ni kwamba sheria yenyewe haimtazami sana mkosaji wa aina hii. Kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya mwaka 1958, ambacho ndicho chenye jaribio la tabia, huhesabu kuwa rekodi nzito ya jinai ni ile ya mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, hata kama ni kwa kujumlisha vifungo vifupi. Na ingawa kifungu hicho kina milango mingine ya kumkatalia mtu, faini ya treni iko mbali nayo. Kinachozamisha watu ni kuficha, kwani anayebainika kutoa taarifa za uongo huweza kunyimwa viza na kufungiwa kwa miaka mitatu. Hata bingwa wa tenisi Novak Djokovic, alipofika Melbourne Januari 2022, ilimbidi aeleze kwamba alama isiyo sahihi kuhusu safari zake iliwekwa na msaidizi kwa kukosea. Viza yake ilifutwa kwa sababu nyingine, lakini kisanduku hicho kilizungumzwa dunia nzima, na mdandiaji asiye na msaidizi wala mawakili ana haki ya kutetemeka.

Mengine yanayofuata ni madogo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 kuhusu urekebishaji wa wakosaji huihesabu faini kuwa imekwisha baada ya mwaka mmoja, lakini nguvu yake huishia ufukweni, kwa kuwa haiibani nchi ya kigeni. Kompyuta ya polisi, kwa upande wake, hutunza rekodi ya kosa lililoingizwa humo hadi mhusika afikishe miaka 100, umri ambao pengine atakuwa amesahau treni ni nini. Cheti cha polisi cha Uingereza huweza kuandika kwamba hakuna kumbukumbu hai, tofauti na kile kinachosema hakuna kumbukumbu, na kila afisa wa viza anajua kwamba cha kwanza maana yake ni kwamba ipo, ila imelala. Aliyeishi Kenya mwaka mzima au zaidi katika miaka kumi iliyopita anaweza kutakiwa pia cheti cha tabia njema cha huko, ambacho fomu yake ya alama za vidole huchapwa pande mbili za karatasi moja, na ole wake aliyechapa karatasi mbili. Kadi ya kuingilia Australia ilimwuliza mgeni kama ana kifua kikuu na kama amewahi kutiwa hatiani, maswali mawili jirani. Mzaha kwamba bara hilo lilianzishwa mwaka 1788 na wafungwa wa Uingereza, baadhi yao wezi wa vitu vidogo, umechakaa, na haushauriwi kutolewa mbele ya afisa wa uhamiaji.

Malalamiko ya kweli yako kwingine. Pamoja na fedheha yake yote, mdandiaji huyu ana fomu. Orodha mbili za nchi ambazo raia wake wanaweza kuomba viza hiyo, moja yenye Ufaransa, Japani na Kanada, nyingine yenye Marekani, Indonesia, Peru na hata San Marino, hazina nchi hata moja ya Afrika. Binti wa Morogoro mwenye shahada, miaka 24 na jina lisilowahi kuitwa hata na balozi wa nyumba kumi, haulizwi juu ya tabia yake, kwa kuwa usafi wake hauna mahali pa kuandikwa. Naye binamu yake wa Leicester, aliyepigwa faini, huulizwa, hukiri, husamehewa na kwenda kuchuma matunda Queensland. Mtu anaweza kuvumilia serikali inayotaka kujua makosa ya wageni wake, lakini ni vigumu kuvumilia mpango unaoitwa wa kubadilishana vijana huku ukichagua bara zima la kutobadilishana nalo. Kwa binti yule ipo viza ya utalii, ambayo hairuhusu kazi, na ada yake, kama ilivyo ile ya binamu yake, hairejeshwi maombi yakikataliwa.