Msasa Namba Ngapi?

Namba iliyochapwa mgongoni mwa karatasi ya msasa hupanda kadiri punje zinavyokuwa ndogo: 60 hukwangua, 2000 hung'arisha. Asili yake ni chekecheo. Punje zilizopita kwenye wavu wenye matundu 60 kwa kila inchi ziliitwa 60. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo tundu lingekuwa na milimita 0.42, ila nyuzi za wavu nazo hula nafasi yao na tundu hubaki na milimita 0.25 hivi. Lau mambo yangekomea hapo, meza nyingi zingepona. Lakini kila bara lina chekecheo lake.

Kanuni zinazokutana madukani ni tatu. Ulaya hufuata ya FEPA, shirikisho la watengenezaji wa vifaa vya kusugulia, ambayo imeingizwa pia katika ISO 6344. Alama yake ni herufi P mbele ya namba. Marekani ina CAMI, inayoandika namba tupu. Japani ina JIS. Ikumbukwe kwamba Ulaya iliishaikumbatia mita zamani, na bado inapanga punje zake kwa namba zilizozaliwa na inchi. Hakuna anayeona haya.

Kwenye punje nene hakuna ugomvi. P60 na 60 ya Kimarekani zote zina punje za mikroni 270 hivi, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, na hadi kufikia 180 fundi anaweza kuchanganya karatasi zake bila kujuta. Baada ya 220 chekecheo huishiwa nguvu, kwa kuwa wavu wa matundu madogo kiasi hicho hauchekechi tena, huziba. Punje laini hupimwa kwa njia nyingine, na ya zamani zaidi ni kuziacha zizame majini: kubwa hutangulia chini, ndogo huchelewa. Hapo ndipo kila upande ulipojipangia ngazi zake.

P320 ina mikroni 46, na 320 isiyo na herufi ina 36. P400 ina 35, ile tupu 23. P600 ina karibu 26, ile tupu 16, na mwenye kuitaka 16 hiyo kwa hesabu ya Ulaya itambidi apande mpaka karibu na P1200. Kwa maneno mengine, fundi anayetoka 320 ya Kimarekani kwenda P400 amelipia karatasi mpya ili asugue palepale alipokuwa.

Anayetoka 400 tupu kwenda P600 yuko pabaya zaidi, kwani anarudi nyuma huku akiamini anasonga mbele. Mkasa wake una mpangilio unaojulikana. Meza ya mninga imeshapigwa msasa wa 400 na imelainika, inasubiri vanishi. Kijana anatumwa dukani akalete 600 ya kumalizia. Muuzaji anapasua karatasi kwa rula, nusu kwa nusu, na nusu anayoikabidhi ina 600 peke yake. P imebaki kaunta na nusu nyingine. Nusu saa baadaye meza ina mikwaruzo ambayo haikuwapo asubuhi. Fundi huanza kwa kuilaumu mbao kwamba haikukauka, kisha vumbi la barabarani, kisha kijana. Karatasi haishtakiwi kamwe, kwa sababu 600 ni kubwa kuliko 400 na hesabu hiyo kila mtu aliifaulu shuleni.

Mawe ya kunolea visu yana vituko vyake. Jiwe la Kijapani la 1000 lina punje za mikroni kati ya 11 na 15, kutegemea toleo la kanuni na njia ya kupimia, ilhali P1000 ina 18. FEPA yenyewe, kana kwamba haikutosha kutofautiana na wengine, ina ngazi ya pili yenye herufi F, kwa ajili ya mawe na magurudumu ya kusagia. F1000 ina mikroni 4.5. Yaani shirikisho lilelile, namba ileile, na punje moja ni mara nne ya nyingine. Mpishi anayelinganisha jiwe na msasa kwa namba peke yake atanoa kisu siku nzima, na nyanya itaendelea kupondeka.

Sufi ya chuma haina habari na yote hayo. Huhesabiwa kwa sifuri: 0000 ndiyo laini kabisa, na namba 4 ndiyo ya kukwangulia kutu. Hapa namba ikipanda, ukali unapanda. Anayeomba "namba kubwa" kwa ajili ya kung'arisha kiti cha bibi atarudishiwa kiti kisicho na rangi.

Njia safi ni kutaja ukubwa wa punje wenyewe, kwa mikroni, kama inavyofanyika kwenye karatasi za plastiki za kung'arishia chuma na kwenye dawa ya almasi. Mikroni 9 ni mikroni 9 Osaka, Hamburg na Gerezani. Kasoro yake ni kwamba hesabu inageuka kichwa chini, namba ndogo ndiyo laini, na mazoea hayabadiliki kwa siku moja. Mteja aliyezoea kumalizia kazi kwa 1000 akiomba karatasi ya mikroni 1000 atakuwa ameomba punje ya milimita nzima. Muuzaji anayejua kazi yake atampa P20, ya kukwangulia sakafu, ambayo punje zake ni mikroni 1000 sawasawa.