Mwenye Waya na Muhindi wa Kuchoma

Hakuna aibu mbichi kama ya mtu mzima aliyefungwa waya za meno jana, leo jioni akapita penye jiko la mahindi. Moshi unamwita, ndimu na pilipili vimekaa tayari, naye anachagua muhindi mnene kwa kiburi cha mwenye meno 32. Anang'ata. Kinachofuata ni kimya, kiganja mdomoni, na macho yanayotafuta pa kujificha huku muuzaji akiuliza kama ameuma mchanga. Punje ziko salama salimini. Kilichobanduka ni kipande cha chuma kilichogandishwa kwenye jino, nacho sasa kinaning'inia kwenye waya kama soksi kwenye kamba. Muhindi umebaki na alama mbili tu, utadhani umeonjwa na panya mwenye adabu. Naanzia kwenye jiko hilo kwa makusudi, kwani hoja yangu ni kwamba matibabu ya kunyoosha meno yapimwe na maisha ya mwenye kinywa, si na rula ya daktari peke yake.

Tumtendee haki mtesaji, yaani waya, maana ufundi wake unashangaza. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Limeshikiliwa ndani ya tundu lake na utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2, unaoliruhusu kunesa kidogo kila unapotafuna. Waya inapolisukuma, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Kwenye kubanwa hukusanyika chembe hai za kubomoa mfupa. Kwenye kuvutwa huja chembe za kujenga. Jino basi hufunguliwa njia mbele na kuzibiwa ukuta nyuma, mfano wa mtaa unaohamishwa kibanda kimoja kimoja huku wapangaji wakiendelea kupika. Mwendo wenyewe ni kama milimita moja kwa mwezi, ndiyo maana kazi hula mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Waya nyingi za mwanzo ni za mchanganyiko wa nikeli na titani, unaokunjwa kisha ukarudia umbo lake kana kwamba una kinyongo. Mchanganyiko huo ulibuniwa kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani. Aliyelala na waya usiku wa kwanza hashangai kusikia hivyo.

Ushahidi wa usiku huo upo. Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa, hufika kileleni siku inayofuata, kisha hupungua ndani ya wiki. Watafiti hutumia dodoso la maswali 14 alilolitoa mtafiti mwenzao Gary Slade mwaka 1997: je, matamshi yanakusumbua, unakula kwa taabu, unakatiza mlo, unaona haya? Majibu ya wanaotibiwa hufuata njia ile ile: hali huporomoka mwanzoni, hupanda taratibu, na waya zikitolewa wengi huwa na nafuu kuliko walivyoanza. Mchicha unaojitundika mbele ya wageni haumo kwenye dodoso.

Wapo watakaosema maumivu ni ya wiki na tabasamu ni la maisha. Ningekubali haraka, lakini kule Cardiff, Wales, watoto 1,018 wa miaka 11 na 12 walianza kufuatiliwa mwaka 1981, na 337 kati yao wakachunguzwa tena mwaka 2001. Waliotibiwa waliyapenda zaidi meno yao. Kujithamini kwao ukubwani, hata hivyo, kulitegemea zaidi walivyojithamini tangu utotoni, na waliohitaji waya wakazikosa hawakuishia na majonzi. Wengine watasema basi huo ni urembo mtupu. Hapana, meno ya mbele yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtoto akianguka, na kuyarudisha ndani ni kinga halisi. Kinachonikera ni biashara ya picha mbili, kabla na baada, bila hata moja ya katikati, ilhali katikati ndiko mtu anakoishi miaka miwili na kulipia kila anaporudi kukazwa. Hata hiyo “baada” ina deni, kwani meno hupenda kurudi kwao, na kuyazuia ni kuvaa kishikizi usiku kwa miaka mingi. Tena kuna wanaofungwa waya ili kuziba mwanya, uzuri ambao Pwani husifiwa bila gharama yoyote!

Daktari, kabla ya kugandisha chuma cha kwanza, mweleze mgonjwa hiyo wiki, hiyo miaka miwili na hicho kishikizi, kisha umwache aamue. Nawe msomaji, ukimwona mwenye waya amesimama penye jiko la mahindi, usimcheke. Mpukuchulie.