Mto Umekaidi Kibali

Kwa Waheshimiwa Watoa Vibali vya Maji ya Mito,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTO RUAHA MKUU KWA KUKAIDI VIBALI HALALI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na mtiifu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ninamshtaki kwenu mtoa huduma mmoja asiye na nidhamu. Sisi wakulima tunajaza fomu, tunalipa ada ya kila mwaka na kutunza stakabadhi kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Yeye hajawahi kujaza hata ukurasa mmoja.

Kibali kinataja kiasi: lita kadha wa kadha kwa sekunde. Hata kikitenganisha masika na kiangazi, tarakimu ni tarakimu, na hakuna mahali palipoandikwa "Mungu akipenda". Masika mto hutii, tena hufurika na kutoa kuliko ulivyoagizwa. Kiangazi ndipo ukaidi huanza. Tangu mwaka 1993 umezoea kukatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha miezi ya ukame, bila taarifa ya maandishi, huku viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope. Vibali havikukatika. Kwenye majalada mto bado unatiririka vizuri sana.

Siwezi kuilaumu Serikali, kwa maana imepanga foleni kwa busara. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilitanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha mazingira, ndipo tukafuata sisi wa mashamba, viwanda na umeme. Kwa hiyo kiboko yuko mbele yangu, na yuko mbele ya mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kasoro ni moja tu: foleni imepangwa ofisini, na mto unaanzia milimani. Kiboko ni wa pili kwenye sera, lakini yuko chini ya mabanio yetu yote ya kuchepushia maji mashambani. Hajui kusoma, na hilo limesaidia kudumisha amani.

Nawapongeza pia kwa kumwacha mama achote maji ya nyumbani bila kibali, mradi hakujenga kitu mtoni. Naomba ufafanuzi tu: akipanga mawe matatu ili ndoo ijae upesi, amejenga?

Zamani mambo yalikuwa ya aibu. Mabanio yetu yalikuwa ya mawe, magogo na matete, na yalivuja ovyo. Ukiziba hapa, maji yanatoroka kwa jirani wa chini, na kwa jirani yake, hadi ardhioevu ya Ihefu. Kiangazi tulipeana zamu: usiku wako, asubuhi yangu. Mto ukipungua, kila mmoja alipungukiwa. Maji yaligawanyika bila afisa hata mmoja kusafiri!

Wataalamu wakatuhurumia. Miaka ya 1990 baadhi ya mabanio yakajengwa kwa zege na milango ya chuma. Zege halivuji. Sasa aliye juu anaweza kuunyanyua mto mzima wa kiangazi na kuuingiza mferejini kwake, na akiulizwa anatoa stakabadhi: amelipia. Ada iliyokusudiwa kumfundisha kubana maji imemfundisha kudai mpaka tone la mwisho, na nani atamlaumu? Ukilipia ng'ombe, huachi mkia buchani.

Kwa hiyo napendekeza mto upewe siku 14 ujieleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua. Wito ubandikwe kwenye mchanga wake, sehemu kavu, usichukuliwe na maji.

Ikishindikana kuuadabisha, basi kwa shingo upande nashauri karatasi ndiyo ibadilike. Kiangazi kila kibali kitaje fungu la maji yaliyopo badala ya lita zinazotarajiwa. Milango ya mabanio iachiwe mwanya usiofungika, maji ya wa chini yapite. Zamu zisimamiwe na jumuiya za watumia maji, na kila banio liwe na kipimo ambacho hata jirani wa chini anaweza kukisoma.

Najua pendekezo hili ni la hatari. Mtu akishaambiwa fungu lake ni moja ya kumi, atauliza hiyo kumi ni kiasi gani leo, na itabidi mtu atoke ofisini aende mtoni kupima.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa majaruba,
Usangu.

Nakala: Bwawa la Julius Nyerere (megawati 2,115), huko chini Rufiji – kwa taarifa na maandalizi.