Gari Liliuzwa Lini?

Mtu mzima akionekana Eldoret juu ya baiskeli isiyo na mzigo, watu huanza kutafuta sababu. Ungekuwa umefunga kreti za mkate nyuma, au mitungi ya maziwa, au gunia la makaa, hakuna ambaye angekuuliza neno, uko kazini. Mtoto naye huachwa, anacheza. Lakini mwalimu wa sekondari mwenye kitambi na mvi za kwanza kidevuni, anayetoka Kimumu Jumamosi asubuhi na kofia ngumu kichwani, akashika barabara ya Iten, akapita Chepkoilel, akafika Chepkanga, kisha akageuza na kurudi alikotoka bila hata fungu la sukuma wiki, huyo ana jambo. Kilichobaki ni kujua jambo gani.

Kwetu mtaani waliafikiana mapema kwamba gari langu limenadiwa. Kwamba sijawahi kuwa na gari halikuwa pingamizi. Mlinzi wa ploti alianza kunifungulia lango kwa upole ambao sikuwahi kuuona nilipokuwa nikitembea kwa miguu. "Vumilia, mwalimu," aliniambia. "Hata Ayubu alinyang'anywa ngamia." Mama anayeniuzia mboga akawa ananiongezea managu juu ya fungu bila kuombwa. Kisha jirani mmoja, ambaye ni wazi alikuwa ameingojea nafasi hiyo, alinivuta kando na kuninong'oneza, "Lakini gari liliuzwa lini?" Nikamwambia hakuna gari lililouzwa. Akatikisa kichwa. Aliona nimefika hatua ya kukana.

Mimi naendesha kwa sababu napenda. Sentensi hiyo nimeijaribu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kinandi changu cha sokoni, na bado haijapata mteja.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati, ikawa jiji la tano la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Si haba kwa mahali palipoanzia kwenye shamba la mlowezi nambari 64, na ambapo wazee mpaka leo wanapaita Sixty-Four. Habari za jiji, hata hivyo, hazijawafikia ng'ombe wa viungani. Wanavuka barabara kwa haki ile ile waliyokuwa nayo kabla ya hati, na wakishafika katikati husimama kuijadili.

Njia ya baiskeli ipo. Tuseme vipo vipande vyake. Kuna mahali ni bega la barabara tu, ile lami iliyobaki nje ya mstari. Kuna mahali ni kijia cha kabro kilichopangwa vizuri sana, kinachoanza ghafla na kuishia kwenye nguzo ya stima. Kati ya mwanzo na nguzo utakuta steji ya bodaboda, mitumba iliyotandazwa juu ya turubai, kigari cha smokie na mayai, lori lililoegeshwa huku dereva akinywa chai, na mhubiri mwenye spika. Ukipiga kengele wanakutazama wewe kwa mshangao, kwa vile mgeni hapo ni wewe. Mhubiri mmoja aliniona ninavyojipenyeza kati ya spika na mama wa viazi, akanigeuza somo la siku. "Mtazameni huyu!" alinguruma. "Anakimbilia wapi?" Wasikilizaji wakajibu kwa sauti moja kwamba sijui.

Siwalaumu. Bega la barabara ni kipande cha ardhi kisicho na hatimiliki, na Uasin Gishu ardhi isiyo na hatimiliki haikai wazi wiki nzima.

Wanaonihurumia kwa vitendo ni watu wa bodaboda. Bodaboda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli: ilianzia mpakani Busia, abiria akiketi juu ya mto wa sponji uliofungwa nyuma, na hapa kwetu wako wazee waliolipa karo ya watoto kwa baiskeli ya Black Mamba peke yake. Leo vijana wa steji wanaitazama baiskeli kama mjukuu aliyefanikiwa anavyomtazama babu yake akihangaika na redio. Hawakucheki. Wanataka kusaidia. Siku moja nilikuwa natoka mjini kwa barabara ya Uganda, naelekea Huruma kumwona rafiki, napumua kwa mdomo, mmoja wao akanikaribia. "Nikusukume, mzee?" Sijajibu, tayari ameweka mguu wake chini ya kiti changu na kuvuta mafuta.

Asiyewahi kusukumwa na bodaboda juu ya tairi lenye upana wa vidole viwili asiniambie habari za maombi. Breki zangu zilikuwa nzima. Moyo ndio uliokataa kuzijaribu. Matatu zilitupita kushoto, sisi tukazipita kulia, kijana akinieleza bei ya mbolea msimu huu huku akiwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unaonyesha bei. Njia ya kuingia Huruma ikaja, ikapita. Nilipaza sauti kwamba nimefika. Yeye akadhani nashangilia. Tuliachana Maili Nne, akanidai shilingi hamsini, nikalipa, kisha nikarudi Huruma dhidi ya upepo.

Hayo ni ya magurudumu. Fedheha halisi ya jiji hili ni ya miguu.

Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake iko Kaptagat kwa majirani zetu, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 21 kwa saa, mfululizo, bila cheni wala gia. Kwenye mlima wowote wa barabara ya Iten, mashine ndogo iliyofungwa kwenye usukani wangu husema 11, na hapo nimeinama, nimeng'ata meno, natoa sauti. Sasa zingatia kwamba Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Iten inapita 2,400, ndiyo sababu wanariadha wa ng'ambo hupanda ndege kuja kuvuta hewa haba ambayo sisi tumepewa bure. Barabara hiyo asubuhi ina wakimbiaji wengi kuliko magari. Hujitokeza nyuma yako kimya kimya. Unachosikia ni viatu, tap tap tap, na mazungumzo. Ndiyo, wanazungumza.

Kundi la wasichana lilinipita hapo baada ya Chepkanga. "Chamgei!" wakanisalimu, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa na pumzi ya kuitikia, nikainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na nina hakika waliona mtu mzima asiye na adabu. Wa mwisho alipunguza mwendo, akakimbia sambamba nami, akaikagua baiskeli kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma kwa nia njema kabisa.

"Imeharibika?"

Nikatikisa kichwa.

"Aa," akasema. "Kumbe ni wewe." Akaongeza mwendo kuwafikia wenzake.

Waendesha baiskeli wa kweli tunao, na sitaki msomaji adhani sote ni vichekesho. Vijana wa Team Amani hufanya mazoezi Iten, na wakinipita nasikia upepo na salamu, basi. Nahodha wao Suleiman Kangangi, mwana wa Eldoret, alianguka akafariki mashindanoni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Barabara hizi ninazolia nazo zilimjua akiwa anazipanda kwa kasi. Hapo sina mzaha.

Turudi kwangu, ambapo mzaha upo wa kutosha. Fundi wangu yuko Langas, chini ya mwavuli uliofifia rangi, na pampu yake imejaza upepo Black Mamba, mikokoteni, mipira ya shule na, kwa maelezo yake mwenyewe, trekta. Ilishindwa na baiskeli yangu. Valvu zake ni zile nyembamba zenye kikofia cha kuzungusha. Fundi aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ni sindano," akasema, akawaita mafundi wenzake waje waone. Walipomaliza kuona, alitoa tyubu, akaipitisha kidogo kidogo ndani ya karai la maji meusi mpaka vipovu vikatoka, akaweka njiti ya kiberiti pale pale kwenye tundu ili lisimtoroke, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza kwa mdomo, akabandika kiraka alichokata kwenye tyubu ya lori. Akakipiga kwa nyundo. Kiraka hicho bado kipo. Vilivyochakaa ni vitu vilivyokizunguka.

Baadaye alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi nzima na kukunja uso. "Na keria iko wapi?"

Nikamweleza kwamba baiskeli za aina hii haziji na keria.

"Walikuibia."

Nikamwambia kuhusu Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne bila keria. Fundi alisikiliza kwa heshima zote.

"Na akinunua unga," akauliza, "anabebea wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Jirani yake wa kuchomelea vyuma alikata nondo mbili, na kabla ya saa sita mchana baiskeli yangu, iliyoundwa na wahandisi wakihesabu kila gramu, ilikuwa na keria inayoweza kubeba ndama.

Lazima nikiri kwamba keria ilileta amani. Wiki hiyo hiyo nilipita mbele ya steji na kabichi mbili nyuma, na hakuna aliyenitolea pole. Mlinzi wa ploti alinifungulia lango nusu, kama zamani. Nilidhani yamekwisha.

Ikafika Novemba. Anayeijua Uasin Gishu anajua kwamba Novemba lami si ya magari. Mahindi yamevunwa, jua ni la kubahatisha, na bohari za bodi ya nafaka, NCPB, hazipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, kwa hiyo kila penye sakafu ngumu pana mahindi. Nilikuwa nimeamua kupita barabara ya mchepuko, ile ya kilomita 32 inayotoka Cheplaskei na kupitia Kapseret hadi Leseru, ambayo ina bega pana la kumfaa mtu wa baiskeli. Karibu na Kapseret bega lilikuwa la manjano lote. Maturubai yamepangana, mawe kwenye pembe, na kushoto kwangu malori ya Uganda, au tuseme kulia, wakati huo sikuwa na muda wa kutazama. Nilichagua mahindi.

Kabla sijafika mwisho wa turubai la kwanza mama alikuwa ameshasimama mbele yangu na fimbo ya kufukuzia mbuzi.

"Wee mzee! Unaenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Nafanya mazoezi tu."

Alinitazama muda. Akaokota punje iliyokuwa imepitiwa na tairi, akaipangusa kwa leso, akaitafuna. Ikalia ka. Akaridhika nayo, hakuridhika nami. "Mazoezi," akarudia, akanikabidhi reki. "Basi mazoezi ni haya hapa. Geuza mpaka kule kwenye jiwe jeupe."

Niligeuza mpaka kwenye jiwe jeupe. Aliniletea chai ya maziwa mazito na kipande cha muhogo, akaniuliza nimezaa wangapi, na nikiwa nanawa mikono akaiona keria. Macho yake yalibadilika. Dada yake yuko hapo mbele tu, hata kilomita haifiki, na kuna debe mbili za mahindi zinamngoja zipelekwe kwa posho mill. Debe zikafungwa kwa mpira wa tyubu. "Hapo mbele tu" ilikuwa ng'ambo ya barabara ya uwanja wa ndege, na nilipokuwa nasubiri kuvuka, suruali ya kubana imejaa vumbi la mahindi, gari la mwalimu mwenzetu lilipunguza mwendo. Nilipunga mkono. Hakupunga. Aliweka kiganja kifuani, akaenda zake.

Jumapili jioni ujumbe uliingia kwenye kikundi cha walimu. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa heshima hatatajwa, amepatwa na masaibu makubwa. Alipoteza gari, na sasa ameonekana akibeba mahindi ya watu kwa baiskeli ili watoto wapate kula. Tuchange angalau mia mbili kila mmoja. Nilisikitika sana. Nilimfikiria mwalimu wa kilimo, ambaye siku hizi amekonda. Nikaandika kwamba mia mbili ni aibu kwa taaluma yetu, nikapendekeza mia tano, nikatuma yangu papo hapo kwa M-Pesa ili wengine waone mfano.

Jumatatu wakati wa chai walinisimamisha mbele ya wote, wakaomba, wakanikabidhi bahasha ya kaki. Nilianza kupinga. Mweka hazina, mwalimu wa fizikia na mtu wa hesabu safi, akaninyooshea orodha niihakiki: jina langu lilikuwa la kwanza, na tiki pembeni. "Isitoshe, mwalimu," alisema, "wewe mwenyewe ndiye uliyesema mia mbili ni aibu."