Muulize Mzee Nondo: Mlango Umegoma, Gari Limo Ndani

Mzee Nondo, shikamoo. Tunaishi Minnesota. Usiku wa kuamkia Jumatano, baridi ya kukata masikio, kulitokea mlio gerejini tukadhani bunduki. Mume wangu aliingia chini ya kitanda, mimi akaniacha juu. Asubuhi mlango wa gereji ukanyanyuka kiganja kimoja, ukagoma. Yeye anasema tumerogwa: kuna jirani yetu wa zamani huko Muheza hakufurahi aliposikia tumenunua nyumba. Mama mkwe anatua Jumamosi na gari limo ndani. Nianze na fundi, polisi au shehe?
Niliyeachwa Juu

Marahaba, mwanangu. Anza na taa. Iwashe, simama ndani ya gereji, tazama juu ya mlango. Utaona bomba la chuma limelala kutoka ukuta hadi ukuta. Hiyo ndiyo shafti, nayo imevikwa springi moja au mbili nene. Ukikuta springi imeachana, pengo la vidole vitatu katikati ya mizunguko iliyobanana, mwombeni radhi jirani wa Muheza.

Mlango wa kupanda darini namna hii ulibuniwa hukohuko Marekani na C. G. Johnson mwaka 1921, na miaka mitano baadaye akauongezea mota ya umeme. Tangu hapo springi zinakatika kila mwaka katika nyumba za watu ambao Muheza hata kwenye ramani hawaijui. Springi ya kawaida huundwa ihimili safari 10,000, na safari moja ni kufungua na kufunga. Wewe kazini, baba kazini, watoto mpirani, mtu kasahau maziwa: mkifungua mara nne kwa siku, miaka saba haifiki. Na ninyi mmenunua nyumba kwa mtu aliyekwisha kula sehemu yake ya hizo safari.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mlango ukiwa umefungwa ndipo springi imekazwa kupita wakati wowote, na baridi kali humalizia chuma kilichochoka. Ingekatika mchana mkiwa kazini, msingesikia lolote, na heshima ya mumeo ingebaki salama.

Sasa, acha kubonyeza kitufe. Watu wengi wanaamini mota ndiyo inayonyanyua mlango. Mota inausindikiza tu. Mzigo wote, kilo 70 na kuendelea kwa mlango wa magari mawili, hubebwa na springi. Ukiilazimisha mota ibebe yenyewe, gia zake, ambazo mara nyingi ni za plastiki, zitasagika, na hapo utakuwa na magonjwa mawili kwa fundi mmoja.

Kuhusu gari. Mlango ukiwa chini kabisa, ivuteni ile kamba nyekundu inayoutenganisha na mota. Ukiwa umenyanyuka, msiiguse hata kidogo, kwa maana utashuka na uzito wake wote juu ya chochote kilicho chini yake. Kisha watu wazima watatu wenye migongo mizima waunyanyue pamoja, vidole mbali na maungio ya mbao, na kila upande abane mtu vaisi kwenye reli chini ya gurudumu ili usirudi. Gari litoke, mlango ushushwe taratibu. Mkiona mnahema kabla haujafika kiunoni, ushusheni. Mama mkwe apande teksi. Amevuka bahari kuwaona, hatakasirika kwa teksi. Atakasirika akimkuta mwanawe na mkono wenye bandeji. Shehe mwalikeni siku ya dua ya nyumba.

Mzee Nondo, fundi wa hapa Houston ametaja bei nikatoka jasho. Shemeji yangu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli Morogoro, ameangalia video moja na anasema tununue springi wenyewe, kazi ni bisibisi mbili na chupa ya chai. Nimkubalie?
Mwenye Nyumba Mwenye Deni

Chai mpe. Bisibisi zifungie kabatini na ufunguo uumeze.

Nakueleza kazi yenyewe, upate cha kumjibia. Kwenye ncha ya springi kuna koni ya chuma yenye matundu manne. Fundi anachomeka nondo mbili ngumu, urefu wa sentimita 45 hivi, zinazoenea tundu barabara. Anasukuma moja robo mzunguko, anachomeka ya pili, anachomoa ya kwanza, anasukuma tena. Kwa mlango wa kawaida wa futi saba ni robo mzunguko 30 hivi, na kila robo inadai nguvu kuliko iliyotangulia. Hasimami mbele ya springi, anakaa pembeni, na kichwa hakiweki kwenye njia ya nondo. Akimaliza ndipo anakaza skrubu za koni kwenye shafti. Mpaka zikazwe, nguvu yote ile imeshikwa na mkono wake.

Bisibisi haienei tundu. Inaingia, inacheza, inateleza, nayo ikiteleza hairuki kuelekea mlangoni, inarudi kwa aliyeishika. Ziko hospitali zinazowajua mashemeji wa aina hii kwa meno waliyobakiza.

Lingine ambalo video huwa inalipita mbio: kama zilikuwa springi mbili na imekatika moja, ya pili bado imekazwa. Shemeji ataona mlango umekufa, adhani vyote vimekufa, alegeze skrubu. Vivyo hivyo kile kipande cha chuma kwenye pembe ya chini ya mlango kinachoshika kebo. Wenye viwanda wengine hukipaka rangi nyekundu, na hawakufanya hivyo kwa urembo.

Hata kununua tu ni mtihani. Springi haiuzwi kwa kusema “ya mlango mkubwa.” Inapimwa unene wa waya, upana wa ndani, urefu, na upande iliosukiwa, maana ya kushoto na ya kulia si moja. Unene wenyewe unapimwa kwa kuhesabu mizunguko 20 iliyobanana, kuipima urefu, kisha kugawanya kwa 20, kwa sababu tofauti ndogo isiyoonekana kwa jicho inatosha kuufanya mlango uruke au uanguke. Muulize shemeji: ya kushoto imesukiwa upande gani? Akijibu kwamba zote zinafanana, mwongezee chai.

Bei, basi. Uliza mafundi wawili au watatu kabla ya kukata tamaa. Uliza kama ni bei ya springi zote mbili, na ukubali zote mbili zibadilishwe, kwa sababu iliyobaki imekwenda safari zilezile na itakuita tena karibuni. Uliza kama anazo za safari nyingi zaidi. Huzidi bei kidogo, ila zinakaa. Lakini fundi akiingia, hajagusa kitu, akaanza kukutajia kebo, magurudumu, reli na mota mpya, muulize akuonyeshe kilichoharibika kwa kidole. Anayejua kazi ataonyesha.

Papa Nondo, jambo sana. Niko Louisville. Mlango wetu ni wa zamani, springi zake ndefu ziko juu ya reli, huku na huku. Moja ilikatika ikatoboa ukuta. Watoto wanacheza mule gerejini. Nifanye nini?
Papa wa Watano

Jambo, papa. Watoto watoke kwanza, barua tutamalizia baadaye. Hizo ni springi za kuvutika, na kila moja inatakiwa ipitishwe kebo ya usalama katikati yake, iliyofungwa ncha zote mbili, ili ikikatika ibaki inaning’inia palepale. Yako haikuwa nayo. Fundi akija, asiondoke mpaka umeziona mbili.

Mzee, mimi sina gereji, nina duka Kariakoo. Shata langu sasa linanyanyuliwa na vijana watatu, kisha tunalitegea kipande cha mbao. Wateja wanainama kidogo tu.
Muuza Vitenge

Wateja wanainama, nawe unahesabu hela chini ya chuma kinachongoja mtu akanyage ile mbao. Springi za shata zimejificha ndani ya bomba linalojiviringishia, ndiyo maana huzioni, na moja au zaidi imekwisha. Funga duka mapema siku moja, aitwe anayetengeneza mashata, sio mchomeleaji wa mageti. Hasara ya nusu siku utaifidia kwa kupunguza mshahara wa kijana wa tatu.

Shikamoo mzee. Mume wangu anazipaka springi za gereji mafuta ya kupikia kila Jumapili. Anasema yeye hatakatikiwa.
Mke wa Mpakaji

Marahaba. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukamata vumbi, na panya watamshukuru. Anunue dawa ya kupuliza ya silikoni au ya grisi ya lithiamu, apulize mara mbili kwa mwaka, Jumapili zilizobaki akusaidie vyombo. Na kama anataka kujua hali ya springi zake, mlango ukiwa chini avute kamba nyekundu, aunyanyue kwa mkono hadi nusu, auachie taratibu, mikono ikiwa karibu. Ukitulia hapo, ziko sawa. Ukishuka, apige simu kesho. Ukipaa wenyewe hadi juu, muulize ni shemeji gani aliyepita hapo.