Jinsi ya Kuutafuta Mwezi Ukiwa Mtu wa Kompyuta

Usifute programu yoyote kwenye simu yako. Wapo watakaokuambia kwamba mtu wa hesabu akimtaka Mungu ni lazima aiache akili mlangoni pamoja na viatu. Viatu viache, akili ingia nayo. Watu wa aina yako walishakuwa na kazi rasmi msikitini. Huko Damascus katika karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiyya, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zinalingana na zile alizokuja kuzitumia Copernicus katika kitabu chake cha mwaka 1543. Nafasi yako ipo, basi, na ni ya siku nyingi.

Anza na kibla, maana hicho hakihitaji kukesha. Dira ya simu huyumba ikikaribia nondo za ukuta au gari, kwa hiyo iweke kando usubiri tarehe 27 au 28 Mei, au 15 au 16 Julai. Siku hizo jua hupita juu kabisa ya Kaaba: saa 6:18 mchana mwezi Mei, saa 6:27 mwezi Julai. Saa za Makka na za Afrika Mashariki ni zilezile, huna cha kujumlisha wala kutoa. Simamisha kijiti wima uani. Kivuli kikilala, wewe elekea upande wa pili, kule liliko jua, na utakuwa umeielekea Kaaba bila mtandao wala betri.

Ukiwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, utaona kivuli kimelala karibu kusini moja kwa moja. Pwani yetu na Makka ziko takriban kwenye longitudo moja: Kaaba iko kama nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa kama 39.7. Ndiyo sababu mihrabu za misikiti yetu ya kale zinatazama kaskazini, pamoja na ile ya Kizimkazi yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Waliojenga pale hawakuwa na setilaiti, nawe umeinama uani mwako unarudia kazi waliyoifanya, na jibu limetoka lilelile. Kaa hapo dakika chache zaidi ya zinazohitajika. Hesabu haikupungukiwa na tarakimu hata moja, na kifuani kuna kitu kimetikisika. Usikimbilie kukipa maelezo. Kinachotafutwa katika mwongozo huu ni hicho.

Sasa uko tayari kwa mwezi wenyewe. Tarehe 29 Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, asubuhi piga hesabu zako zote, tena kwa furaha. Kutoka mwezi kukutana na jua hadi kukutana nalo tena hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Hiyo nusu siku ya ziada ndiyo inayotufanya tusijue mapema kama tutafunga kesho au keshokutwa. Tazama umri wa mwezi jua litakapotua: ukiwa chini ya saa 15 hivi, kwa macho matupu ni vigumu mno kuuona. Tazama pia pembe iliyopo kati yake na jua. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alibaini kwamba pembe ikipungua nyuzi 7 hivi, hilali haijitokezi kabisa. Andika jibu lako kwenye karatasi, litie mfukoni, unyamaze nalo.

Jioni toka nje. Walio Mji Mkongwe wamejaliwa, kwani Forodhani inatazama bahari upande wa magharibi. Mombasa na Dar bahari iko mashariki, kwa hiyo panda juu ya dari au tafuta uwanja ulio wazi. Usitafute hilali iliyosimama wima kama katika picha za Ulaya. Kwetu karibu na ikweta hulala chali kama mtumbwi. Zima skrini, macho yanahitaji kulizoea giza. Mzee aliye pembeni yako akikwambia, "Ule pale, juu kidogo ya mnazi," usimjibu kwa nyuzi. Mwitikie, "Naam, babu," kisha tazama anakoonyesha.

Utajiuliza umefuata nini ilhali jibu liko mfukoni. Hesabu imekuambia mwezi uko wapi. Haikuambii wewe uko wapi, na hilo ninaamini mtu hulijua akiwa ameinua shingo pamoja na watu atakaofunga nao kesho. Ubishi wa kama tufuate mwezi ulioonekana hapa au ule wa Makka utaukuta palepale. Usikilize, ila usiku huo usiubebe.

Kisha uzingatie kanuni ya mashahidi, ambayo mtu wa mifumo ataipenda. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani, ushahidi wa mtu mmoja mwadilifu hutosha kuanza Ramadhani, lakini kuimaliza wanatakiwa wawili. Mlango wa kuingilia ni mwepesi, wa kutokea una komeo. Na mlinzi wa mlango ni neno la mtu tu: mvuvi aliyesema ameuona, na mji mzima ukamwamini. Wewe kila siku unategemea programu zilizoandikwa na watu usiowajua hata kwa sura. Mvuvi huyu angalau unaweza kwenda kumsalimia.

Mawingu yakitanda, usikasirike wala usiitoe ile karatasi. Asipopatikana aliyeuona, Shaaban itakamilishwa siku 30. Wapigie walio Lamu na Pemba uwaulize kama kwao kumetakata, halafu nenda kasali Isha.