Heshima kwa Mkanda Mweusi

Pongezi kwa mkongwe wetu wa karate hapa Karatu, aliyerejea dojo baada ya miaka mingi ya kujinoa kwa mishikaki na kusimama moja kwa moja mstari wa mbele. Ndivyo inavyotakiwa. Filbert Bayi, mzaliwa wa huku huku, alijitesa kukimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mwaka 1974 ili aipate rekodi ya dunia. Angetulia, pengine umri ungemletea. Volkano ya Ngorongoro ilibomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na bado watu hulipa kiingilio kuitazama. Mkanda kutofika kiunoni ni kosa la kiwanda. Vijana mnaotoka jasho kila jioni, rudini nyuma, mwinamieni, na mmoja amletee kiti.